Anga la Bodo Lina Wenyewe

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja.

Kila msimu wa wageni ukifika, simu yangu hujaa vidio za kwetu zilizopigwa kutoka juu. Mikoko ya Bodo, mikono ya bahari inayopinda ndani ya mikoko, fungu la mchanga upande wa Funzi maji yakitoka, kaiti za rangi kule Galu. Kali sana, sibishi. Lakini angalia nani amepiga. Ni mtu amekuja siku nne, amerusha droni yake, amerudi kwao, na chini ya vidio ameandika "mvuvi wa kienyeji". Huyo mvuvi ana jina. Ana wajukuu wanaopiga mbizi na kushindana kwa ngalawa kwa raha zao tu, hakuna mtalii anayewatazama. Hao wajukuu hawana hata klipu moja ya michezo yao kutoka angani.

Nikisema vijana wa huku wajifunze kurusha droni, napata majibu ya aina mbili na yote yananikera. La kwanza: "Hiyo ni kitu ya mababi." La pili: "Rusha tu, mambo ya leseni baadaye, kwani nani atakushika Bodo?"

Tuanze na la mababi. Kuna wasee hapa wameshika simu ya bei ya droni ndogo iliyotumika, na simu yenyewe kioo kimepasuka. Watu watano wakichanga kama chama, droni inapatikana. Na ile kazi ngumu, mtu wa Bodo anayo tayari. Kusukuma vijiti viwili vya rimoti utajifunza wiki moja kwenye uwanja wa mpira, na kabla ya hapo kuna programu za mazoezi kwa kompyuta ambapo ukiangusha hulipi kitu. Kinachomaliza droni pwani ni upepo na bahari. Sasa niambie, nani anajua upepo zaidi: kijana aliyekulia kwenye ngalawa au mgeni aliyeshuka jana?

Droni ndogo zisizofika gramu 250, kama zile DJI Mini za juzi juzi, watengenezaji wanasema zinahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, yaani kama kilomita 38 kwa saa. Ukiona kusi la mwezi wa saba limeanza kuchana bahari povu jeupe, hiyo namba huihitaji, wacha droni ndani ya begi. Kanuni ya kwanza ya kurusha baharini ni uende kinyume cha upepo betri ikiwa imejaa, ndio wakati wa kurudi upepo ukusukume. Ukianza kwa kwenda na upepo, droni itapaa raha mustarehe, halafu kurudi itapigana mpaka betri iishe. Babu yangu angelicheka kusikia hiyo inafundishwa kwa pesa.

Halafu kuna hii ya boti, na hapa ndipo wengi wanalia. Droni hukumbuka mahali iliporuka. Ukiirusha kutoka kwa boti, halafu boti ikasukumwa na mkondo mita 200, ukibonyeza kile kitufe cha kurudi nyumbani itarudi pale pale ilipoanzia, na pale sasa ni maji matupu. Itatua baharini kwa heshima zote. Kwa hivyo ukiwa majini unairudisha kwa mkono, ukiiangalia, na mwenzako anaidaka. Usiipitishe chini sana juu ya mawimbi, vile vihisi vyake vya chini huchanganywa na maji yanayotembea. Ukifika nyumbani pangusa chumvi siku hiyo hiyo. Na ukimpiga picha msee wa kaiti, kaa mbali na kamba zake. Hizo kamba zinasimama angani mita ishirini na ushei na kwenye kamera hazionekani.

Jibu la pili, la "rusha tu", ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu wanaolisema ni marafiki zangu.

Ndugu, bafu zetu nyingi hazina paa. Ni makuti yamezungushwa, juu mbingu. Mgeni akipitisha droni juu ya kijiji hajui hilo, anaona "kijiji kizuri cha pwani". Wewe unajua. Unajua saa ngapi kina mama wanaoga, unajua ua gani ni wa nani, unajua kaya ipi wazee hawataki hata simu iingie, sembuse mdudu wa kupiga kelele juu ya miti. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka mtu wa hapa ashike rimoti. Ukirusha bila mpango kama wao, basi hakuna tofauti, na shangazi akikurushia jiwe mimi nitakuwa upande wake.

Na sheria ipo. Kanuni za Kenya za 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na uwe na kibali kabla ya kuiingiza nchini. Juu mwisho ni futi 400, kama mita 120. Unakaa mita 50 mbali na watu na majengo yasiyohusika na kazi yako, na viwanja vya ndege unaviacha mbali kabisa. Diani yote iko jirani na uwanja wa Ukunda, ndege za abiria zinashuka pale kila siku. Ndio maana nasema Bodo ni pahali pazuri pa kujifunzia kuliko Diani. Kisite-Mpunguti nako ni mbuga ya baharini, huko lazima uongee na KWS kwanza.

Mpaka hapo niko na serikali. Sasa niwageukie wao.

Ukitaka kulipwa kwa hii kazi unahitaji leseni ya rubani wa droni na makaratasi ya mwendeshaji. Sawa. Lakini shule nilizozipata mimi zote ziko Nairobi, na moja niliyoipigia ilinitajia bei inayozidi karo ya muhula iliyonitoa chuo. Nauli bado, malazi bado. Kule Marekani, mtu anayerusha droni ya chini ya gramu 250 kwa kujifurahisha hahitaji hata kuisajili. Sisemi tuige kila kitu. Nasema sheria ikiwa ni ya kila mtu, na njia ya kuitii iko umbali wa usiku mzima kwa basi, mnawatengeneza wavunja sheria nyinyi wenyewe. Mwenye hoteli ataita kampuni ya Nairobi ipige vidio ya mikoko yetu, na kijana wa Bodo atalipwa kubeba begi la betri.

Msiniambie haiwezekani kwa watu wa pwani. Pemba iko ng'ambo ya mkondo tu kutoka Shimoni, tuna mashangazi kule. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, kazi ya Tume ya Ardhi ikisaidiwa na Benki ya Dunia, na waliofundishwa kuzirusha ni wanafunzi wa chuo chao wenyewe, SUZA. Visiwa vizima, si klipu ya sekunde 15. Watu wanaoongea kama sisi, wanaokula samaki wale wale.

Vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti tangu ugatuzi. Kwale inajisifu kwa Elimu ni Sasa, na kwa haki, imesomesha wengi. Basi chuo kimoja tu upande wa Msambweni kipewe mwalimu mmoja mwenye leseni na droni tatu ndogo, na KCAA ishuke huku mara mbili kwa mwaka kutahini. Karo ya hiyo kozi iingie kwenye basari kama ya ushonaji na umeme. Bajeti ikija kusomwa wananchi wanaitwa kutoa maoni, na ukumbini huwa tunakuta wazee watupu. Mwaka huu mimi nitaenda, na nataka safu nzima ya mbele iwe ya watu wa chini ya miaka 25.