Mwezi wa Kununua Mbegu

Waganda, ambao ni wenyeji wa nchi iliyouzunguka mji wa Kampala, wana majina yao wenyewe ya miezi, na mengi kati ya majina hayo hutaja kazi au neema ya majira. Februari ni Mukutulansanja, mwezi wa kukata majani makavu ya migomba. Machi ni Mugulansigo, yaani mnunuzi wa mbegu. Aprili ni Kafuumuulampawu, mwezi unaowatawanya mpawu, ambao ni aina ya kumbikumbi wanaoliwa. Mzee asiyejua kusoma kalenda ya ukutani alijua kwa majina hayo lini afungue kibuyu cha mbegu na lini awatazamie watoto warudi na vikapu vilivyojaa mabawa.

Nchi za baridi nazo zina majira yao ya kuchipua, na watu wa huko huyasifu sana, kwa sababu wamekwisha kukaa miezi mingi bila kuona jani bichi. Jua linalowaletea furaha hiyo ndilo linaloleta mvua Uganda. Mnamo tarehe 20 au 21 Machi jua huvuka mstari wa ikweta likielekea kaskazini. Kule theluji huyeyuka, na huku mawingu hulifuata jua na masika huanza, yakaendelea hadi Mei. Tofauti ni kwamba mtu wa Uganda hupewa furaha hiyo mara mbili kwa mwaka, maana vuli hurudi Septemba hadi Novemba. Pengine ndiyo sababu haisifu sana.

Lakini Bwaise mvua haipokewi kwa furaha tupu. Mtaa huu, ulio kilomita 4 hivi kaskazini ya katikati ya mji, kwenye barabara ya Bombo, umejengwa mahali palipokuwa kinamasi cha mafunjo. Maji ya vilima vya Makerere, Mulago na Kyebando hushuka yote kuuelekea, hukusanyika katika mifereji ya Nsooba na Lubigi, kisha huenda polepole upande wa kaskazini-magharibi kuutafuta mto Mayanja na mto Kafu. Mifereji imepanuliwa, na barabara kuu ya kuzunguka mji upande wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009, hupita papo hapo. Hata hivyo, mvua kubwa ya saa mbili yaweza kuingia chumbani. Wakaaji wa Bwaise ya Tatu, iliyo chini kuliko zote, huweka matofali chini ya miguu ya kitanda tangu Februari, na vizingiti vya saruji milangoni mwao hufika magotini.

Katika vyumba hivyo vya kupanga wamo pia jamaa za askari. Kambi hazikutosha kamwe, na konstebo aliyepata chumba kimoja karibu na barabara ya Bombo hujiona amebahatika, kwa kuwa magari ya kwenda kazini hayampiti mbali. Mkewe, aliyelelewa penye migomba na shamba la maharage nyuma ya nyumba, hujikuta ana mlango, ukuta wa jirani, na uwazi wa hatua tatu kati ya hivyo viwili. Mwezi wa kununua mbegu unapofika, mikono yake humwasha. Naye hutazama huku na huku, na ardhi nyeusi anayoiona ni ile ya ukingo wa mfereji.

Hapo ndipo penye neno la kusemwa waziwazi. Ukingo ule una rutuba ya kumvuta mtu. Magimbi, ambayo wenyeji huyaita mayuni, hustawi pale yakawa na majani mapana kama masinia, na mahindi husimama kuliko ya kijijini. Lakini mfereji hubeba maji ya vyoo, mafuta ya gereji na taka za viwandani, na udongo huyahifadhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamepima mazao ya vinamasi na ya kando za barabara za Kampala, wakakuta madini mazito kama risasi na kadimiamu. Kuhusu barabara walishauri mboga za majani zipandwe umbali wa mita 30 kutoka ukingoni. Risasi haina harufu wala ladha, haitoki kwa kuchemsha, na humdhuru zaidi mtoto ambaye ubongo wake bado unakua. Mama aliyevuna kapu zima bila kutoa senti moja huona ameokoa fedha ya chakula, kumbe deni ameandikiwa mtoto.

Basi lililobaki ni kuinua bustani kutoka ardhini, na kwa hili Bwaise na mitaa iliyo jirani nayo haina haja ya kufundishwa mara mbili. Gunia la kilo 100 latosha. Udongo huletwa kutoka mahali pa juu, mbali na mfereji na gereji. Wengi huuomba kwa jamaa walioko Matugga au Bombo, wakaurudisha kwenye buti la gari pamoja na ndizi. Makaro mawili ya udongo huchanganywa na karo moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi ya kuku ni kali. Isipolazwa wiki kadhaa huunguza miche, na hasira ya mama huishia kwa mwenye mbegu asiye na kosa. Maganda ya matoke, ambayo katika nyumba yoyote ya Kampala hayakosi, yakifukiwa kwenye pipa kuukuu pamoja na majivu kidogo, hugeuka mbolea kabla ya vuli.

Kujaza gunia ndiyo kazi yenyewe, tena ndiyo inayowapendeza watoto. Kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo humiminwa kulizunguka. Kisha kopo huvutwa juu kiasi, likajazwa kokoto tena, hadi gunia limejaa na nguzo ya mawe imesimama ndani yake kutoka chini hadi juu. Kazi ya nguzo hiyo ni kuyashusha maji mpaka chini, la sivyo mmea wa juu hufa kwa kulowa na ule wa chini hufa kwa kiu. Baada ya hapo ubavu wa gunia hutobolewa matundu kwa kupishana, shubiri moja kati ya tundu na tundu, na mche mmoja mmoja wa sukuma wiki hutiwa. Juu hunyunyizwa mbegu za nakati zilizochanganywa na majivu au mchanga, kwa kuwa ni ndogo mno na mkono wenye haraka huzimwaga zote mahali pamoja. Mwisho, gunia husimamishwa juu ya matofali, kwa kimo kinachozidi alama ambayo mafuriko ya mwaka jana yaliiacha ukutani. Kila nyumba ya Bwaise inayo alama hiyo. Haihitaji kupimwa.

Maji si tabu katika masika. Jerikeni iliyowekwa chini ya ukingo wa bati hujaa kabla ugali haujaiva. Tabu ni kuyaacha wazi, maana mbu nao wana mwezi wao wa kupanda. Chombo hufunikwa. Na mafuriko yakiyafikia majani, majani hayo hayaliwi, hata yakioshwa mara ngapi. Hukatwa na kutupwa, na shina huachwa lichipue upya. Wako watakaoona ni uharibifu. Waliowahi kumbeba mtoto mwenye kipindupindu hawataona hivyo.

Kwa miaka mingi mwenye kupanda mjini aliogopa pia mkono wa serikali ya mji, kwa sababu sheria zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni zilikihesabu kilimo kuwa uchafu wa mji. Watu walilima vivyo hivyo. Katika miaka ya shida iliyofuata 1972, sukari na sabuni zilipokosekana madukani na mishahara ikawa haifiki mwisho wa wiki, viwanja vya Kampala vilijaa mihogo na ndizi. Na uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba karibu theluthi ya nyumba za mji zilikuwa zikilima kitu. Mwaka 2006 ndipo zilipoanza sheria ndogo zinazokikubali kilimo cha mjini kwa masharti. Leo mamlaka ya mji yenyewe ina kituo cha mafunzo huko Kyanja, ambako magunia na makreti ya mboga huonyeshwa kwa yeyote anayekwenda kujifunza.

Mchicha, ambao huko huitwa dodo, ndio huwa wa kwanza kuliwa, wiki ya nne au ya tano. Nakati hutaka subira ya miezi miwili hivi, kisha hukatwa na kuchipua tena. Mboga ya kwanza ya gunia haijazi sufuria. Hupikwa na vitunguu na karanga za kusaga, ikagawanywa vijiko viwili viwili, na mtoto aliyetoboa matundu hula akitazama sahani za wenzake kama mwenye nyumba.

Jumamosi moja moja, mshahara ukiruhusu, familia hupanda teksi kwenda kaskazini. Baada ya Kawempe nyumba huanza kuachana. Huko Kawanda kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kimewapa wakulima wa Uganda mbegu nyingi za maharage. Baada ya Matugga harufu ya udongo uliolimwa jana huingia dirishani. Bibi yuko kibanjani, ameinama, wala hainuki mpaka afike mwisho wa mstari. Ndipo husimama, akapangusa mikono kwa gomesi, na salamu zikaanza, ndefu, watoto wamepiga magoti. Mchana wanaume hulima na kusemana kwa mzaha kuhusu mikono ya mjini iliyotoka malengelenge. Jioni mvua ikikatika, watoto huinama juu ya kichuguu na kupiga vijiti kwa mwendo wa matone, ili mpawu wadhani inanyesha na kutoka. Hutoka. Mji mzima wa Kampala hauna mchezo mzuri kuliko huo, na chakula chake hukaangwa usiku uleule kwa chumvi peke yake.

Si kila baba huwako. Wanajeshi wa Uganda walikwenda Somalia mwezi Machi 2007, mwezi huo huo wa kununua mbegu, na tangu hapo vikosi vimepokezana. Aliyeko Mogadishu hukaa misimu miwili ya mvua bila kuiona hata mmoja. Simu ikilia usiku huuliza kwanza watoto, kisha karo, na baada ya hapo, kabla salio halijakatika, huuliza, "Mama watoto, nakati imefika wapi?" Mama huyu hutoka na taa mlangoni, akatazama, akamweleza jani kwa jani.

Tena uko uhamisho, ambao kila nyumba ya askari huufahamu. Barua huja maharage yakiwa katika ua, na shamba la kambini huachiwa mgeni atakayelivuna. Hapo gunia huonyesha faida ambayo shamba halina. Hunyimwa maji siku mbili ili lipungue uzito, hufungwa kamba kiunoni, na watu wawili hulipandisha kwenye lori baada ya kitanda na kabla ya kuku. Likifika Gulu au Mbarara majani ya juu yamekwisha kuchanika kwa upepo, na sukuma wiki za ubavuni zimelala. Hunyweshwa kwanza, kabla mzigo haujashushwa wote, na jirani mpya hutoka kuuliza ni mboga gani hiyo iliyosafiri na askari.