Mashine ya Kukimbilia: Nunua Mota, Achana na Skrini

Najua nimekuwa kimya, kazi za watu zimenibana. Leo siandiki kuhusu msimbo wala seva. Naandika kuhusu mashine ya kukimbilia, ile wengi wetu tunaiita tredimili, na naandika nikiwa na hasira kidogo. Mtaniwia radhi.

Kisa ni hiki. Dadangu mdogo ni mwalimu hapa Isiolo. Mwaka huu aliamua kwamba atakimbia kilomita 21 za Lewa, zile mbio za Juni zilizoanza mwaka 2000 ndani ya hifadhi, huku walinzi wakizuia wanyama wasile wakimbiaji. Akaanza mazoezi alfajiri, kabla jua letu halijakuwa kali. Wiki ya kwanza alifukuzwa na mbwa. Wiki ya pili pikipiki ilimfuata polepole kutoka barabara kuu hadi karibu na nyumbani, mwenye pikipiki akitoa maneno nisiyoweza kuandika hapa. Wiki ya tatu hakutoka. Akaniambia, "Kaka, wewe ni mtu wa mashine. Nitafutie mashine." Tukachanga, tukapata shilingi 60,000.

Nilipowaeleza jamaa zangu, wakacheka hadi chai ikamwagika. "Kenya hii! Nchi ya Kipchoge! Nani ananunua barabara ya plastiki?"

Nianze na hawa wachekaji, kisha niwageukie wauzaji.

KUNDI LA KWANZA: WANAOCHEKA

Ninyi mnaosema barabara ni ya bure, barabara hiyo ni ya bure kwa nani? Mimi mwanamume nikitoka saa kumi na moja alfajiri nawaza mbwa peke yake. Dadangu anawaza mbwa, pikipiki, giza, na majirani watakaouliza mwalimu anakimbilia wapi na nguo hizo. Ikifika saa nne asubuhi jua la Isiolo limeshakuwa la kukaangia mayai. Kwa hiyo bei anayolipa yeye barabarani ipo, ila haiandikwi kwenye risiti.

Na msiniambie mashine hailei mkimbiaji. Ingrid Kristiansen wa Norwe alifanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ya majira ya baridi kwenye mashine ndani ya nyumba, na mwaka 1985 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kule London, saa 2:21:06. Christine Clark, daktari wa Anchorage, Alaska, alikimbia kilomita nyingi kwenye mashine kwa sababu nje kulikuwa na barafu. Mwaka 2000 akashinda mchujo wa Marekani wa marathoni ya Olimpiki mbele ya wanariadha wa kulipwa. Wao walikimbia ndani kwa sababu ya baridi, dada yangu anakimbia ndani kwa sababu ya jua na watu wasio na adabu. Tofauti iko wapi?

Kuna jambo moja nawapa: mashine haina upepo wa kukupinga. Ndiyo maana wakimbiaji wengi huweka mwinuko wa asilimia 1, ushauri uliotokana na utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996. Ila kwa mtu anayekwenda mwendo wa wastani tofauti hiyo ni ndogo. Usikose usingizi.

KUNDI LA PILI: WANAOUZA

Sasa hawa ndio walionitia hasira hasa. Duka la kwanza, muuzaji ananionyesha skrini. La pili, skrini kubwa zaidi. La tatu, mashine inacheza muziki, inaunganishwa na simu, ina programu yenye mkufunzi Mzungu anayekuhimiza ukiwa ufukweni. Nikauliza, "Mota ni ya nguvu gani?" Jibu: "Bosi, hiyo ni 5 HP, haishindwi na kitu."

Jamani. Tupige hesabu ya darasa la nane.

Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Tano ni wati 3,730. Soketi ya ukutani hapa Kenya inatoa volti 240, na plagi yake ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha: wati 3,120. Yaani mota hiyo, kama kweli ingefanya kazi kwa nguvu tano mfululizo, ingedai umeme mwingi kuliko soketi inavyoruhusiwa kutoa, na hapo hujahesabu unaopotea kama joto. Mota haiwezi kutoa kisichoingia.

Kwa hiyo ile 5 ni nini? Ni nguvu ya kilele, ile ambayo mota inaweza kuifikia kwa sekunde chache tu. Ni kama mtu aseme anakimbia kilomita 30 kwa saa kwa sababu siku moja alikimbizwa na ng'ombe. Namba unayoitaka ni nguvu ya kudumu, ambayo kwa kawaida huandikwa CHP. Kwa kutembea, 1.5 inatosha. Kwa mazoezi ya kukimbia mara nne kwa wiki, tafuta 2.5 au zaidi. Muuzaji asipoijua, funua kifuniko usome kibati cha mota chenyewe. Kibati kina volti na ampea, na hakina haja ya kukuuzia chochote.

NA SKRINI JE?

Mimi naandika programu, ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo nisikilizeni ninaposema: programu ndicho kitu kinachozeeka haraka kuliko vyote kwenye mashine. Mota nzuri inaweza kudumu miaka kumi. Programu inategemea seva ya mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kuizima akiwa kitandani.

Mwaka 2021 kampuni ya Peloton iliziita tena mashine zake za Tread+, karibu 125,000, baada ya mtoto kufariki na wengine kuumia. Kisha ikaleta kufuli la namba za siri ili watoto wasiiwashe. Wazo zuri. Lakini kufuli hilo lilifungwa pamoja na usajili wa dola 39 kwa mwezi, na wenye mashine wasiokuwa na usajili wakakuta hawawezi hata kukimbia tu. Mtu amelipa zaidi ya dola 4,000, mashine iko sebuleni kwake, na mkanda hauzunguki! Kelele zilipozidi kampuni ikatoa miezi mitatu ya bure huku ikitafuta namna ya kurekebisha. Mwaka huohuo wenye mashine za NordicTrack waliokuwa wamezoea kugusa skrini mara kumi ili wafikie Android iliyo ndani yake, waangalie video zao wenyewe, walifungiwa mlango huo kwa sasisho lililokuja kupitia intaneti.

Hayo ni ya matajiri wa Marekani, utasema. La hasha. Yanatuhusu zaidi sisi, kwa sababu mashine hizohizo zikichoka kule hufika huku kwa kontena. Ukinunua mashine iliyotumika na haiwaki bila akaunti ya mwenyewe wa kwanza, umenunua kabati la kuanikia nguo.

Kama lazima upate muunganisho, uliza kama inatumia FTMS, kiwango cha wazi cha Bluetooth kilichotolewa mwaka 2017. Hicho hakina bwana mmoja. Programu yoyote inayokielewa itasoma mwendo wako. Na ukikosa hicho, saa ya mkononi inatosha. Ukikosa saa pia, una kichwa.

NILICHOKAGUA MIMI

Tulipata iliyotumika, haina skrini, ina namba nyekundu tu kama saa ya zamani ya mezani. Shilingi 52,000. Kabla ya kulipa nilifanya haya, na wewe fanya:

1. Ukanda. Kwa kukimbia tafuta upana wa sentimita 45 au zaidi, na urefu wa 130 kwenda juu. Zile nyembamba za kuweka chini ya meza ni za kutembea. Ukikimbilia humo utaanguka, nami sitakuja kukuokota.

2. Kasi ya kweli. Nilipima ukanda mzima ukawa sentimita 280. Nikaweka alama ya chaki, nikaweka mashine kwenye 10 km/h, dadangu akakimbia nikahesabu. Kasi hiyo ni mita 167 kwa dakika, kwa hiyo alama ipite karibu mara 60. Nilipata 58. Nikaridhika. Ukipata 45, namba ile nyekundu inakudanganya.

3. Uzito. Weka kasi ndogo, kilomita 3 hivi, apande mtu mzito. Ukanda ukisitasita kila anapokanyaga, mota imechoka au ukanda umekauka.

4. Dakika 20 za kukimbia palepale dukani. Muuzaji akinuna, mwache anune. Unatafuta harufu ya kuungua na kelele za fani.

5. Umeme. Mashine nyingi kutoka Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 utaona moshi. Transfoma ya kuibeba ni nzito na ghali, kwa hiyo iingize kwenye bei au ondoka. Usitumie ekstensheni nyembamba, na weka kile kifaa cha kukinga friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, mradi kinabeba ampea 13. Kinachokufa kwanza ni bodi ya kuongoza mota, na bei yake inauma.

6. Kamba ya usalama. Ivae. Umeme wetu unajulikana tabia zake, na kama una watoto, kificho cha ile kamba ndilo kufuli lako. Halilipiwi kwa mwezi.

Kasi je? Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, wastani wake ulikuwa kilomita 21 kwa saa. Mashine ya nyumbani ya bei yetu huishia 14 au 16. Wewe si Kiptum. Kilomita 10 kwa saa ni dakika 6 kwa kila kilomita, na hiyo inakumalizia kilomita 21 kwa saa mbili na dakika chache. Usilipie kasi usiyo na miguu yake.

Gharama za kuendesha hazitishi. Hata tukikadiria wati 700, saa moja ni chini ya uniti moja ya umeme. Kikombe cha chai hotelini. Vumbi la Isiolo ndilo adui: funika mashine, fagia chini yake, paka mafuta ya silikoni chini ya ukanda. Na weka feni, kwa sababu chini ya mabati hakuna upepo na utaoka.

Nisiwadanganye kwamba mashine ni kila kitu. Haina changarawe, haina mteremko wa kuumiza mapaja, na haiwezi kukupa mwinuko wa Lewa kutoka mji wetu ulio kwenye mita 1,100 hivi. Kwa hiyo Jumapili tunatoka wawili, tunapanda upande wa Subuiga, yeye akikimbia nami nikimfuata kwa baiskeli nikihema kuliko yeye. Siku nne za katikati ya wiki ni zake na mashine yake, mlango umefungwa, hakuna pikipiki.

Jana alifika kilomita 12 bila kusimama. Namba nyekundu ilionyesha, nikampigia makofi kutoka jikoni. Hakukuwa na mkufunzi wa ufukweni wala seva iliyotuma pongezi.

Na wale wachekaji? Mmoja wao amenipigia simu juzi usiku, kwa sauti ya chini. Mkewe anataka kujua bei. Nimemwambia aanze kwa kusoma kibati cha mota.

Anayebisha aje, lakini aje na hesabu.