GARI LA KALE LENYE NGUVU MPYA: NANI AMEIPIMA BREKI?

Askari yeyote aliyepata kutumikia Nile Magharibi anaujua mlio huo. Jua linapokaribia kutua, katika barabara ya Arua kwenda Koboko, husikika kwanza kama ngurumo ya mvua iliyo mbali. Kisha gari dogo lililopauka rangi hupita kwa kishindo, mbuzi wa kando ya njia hutawanyika, na wazee waliokaa barazani hutikisa vichwa. Mimi pia nilikuwa mmoja wa wanaotikisa vichwa, hata siku nilipopanda ndani ya gari moja la namna hiyo. Leo nataka kusema neno juu yake, kwa kuwa wengi wa wenye magari hayo ni wenzetu wavaao sare, wa jeshi na wa polisi.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya miaka ya 1990, ya ile aina ya WRX iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1992. Mwenyewe ni sajini mmoja, fundi kwa tabia kuliko kwa cheo. Alilinunua Kampala likiwa bovu, likavutwa kwa kamba na lori kwa safari ya kilomita zipatazo 500, na tangu hapo likakaa nyuma ya nyumba yake chini ya mwembe. Huko ndiko lilikofunguliwa na kufungwa tena, jioni baada ya jioni, kwa taa ya kuning'iniza na kwa mkopo wa spana.

Nilikwenda kulitazama kwa dharau kidogo, nikarudi na heshima. Injini ya gari hili ina silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande, na juu yake kuna kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wa eksozi, ambacho mafundi wetu hukiita tabo. Sajini alikuwa amepachika kikoki kidogo cha shaba katika mpira wa hewa unaoamuru msukumo wa tabo. Akikizungusha robo mzunguko, injini hupata pumzi zaidi. Rejeta alikuwa ameitoa katika pikapu iliyokwisha kufa, kubwa kuliko ile ya asili. Chini ya injini alikuwa amechomelea bamba la chuma la kuzuia mawe, akalitoboa matundu ili hewa ipite na oili iweze kubadilishwa bila kulifungua. Springi alizinyanyua kwa vipande alivyochonga mwenyewe. Hakuna kitabu kilichomfundisha hayo. Alikuwa akijaribu, akikosea, na kujaribu tena.

Hapa ndipo wengi wetu hufanya kosa la kudhani kwamba kazi ya namna hii ni mchezo wa vijana wasio na shughuli. Tukumbuke mwaka 1965. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mshindi alikuwa Joginder Singh, fundi makanika wa Kenya, akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo PV544. Lilikuwa gari la umbo la zamani na lililokwisha kutumika, ambalo ndugu hao walilitengeneza kwa mikono yao. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda Safari mara tano: 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Magari ya siku zile hayakuletwa kutoka kiwandani na kutiwa mbioni vivi hivi. Yaliinuliwa, yalikazwa mwili, yalifungwa mabamba chini ya tumbo, kwa sababu matope na mawe ya nchi zetu hayakujulikana kwa wachoraji wa Ulaya na Japani.

Koboko nayo ina historia yake katika jambo hili, ipendwe isipendwe. Mwaka 1975, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala, Rais wa wakati ule, Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, aliingia katika mashindano ya magari akiendesha Citroën SM. Hilo lilikuwa gari la Kifaransa lenye injini ya Maserati ya Italia, lililoundwa kati ya 1970 na 1975. Springi zake, breki zake na usukani wake vyote vilitegemea mafuta yanayosukumwa na pampu moja kwa nguvu kubwa. Ni gari zuri ajabu barabarani. Lakini pampu ile ikifa, unabaki na sanamu. Linganisha na Peugeot 504, iliyoshinda Safari mwaka 1975 na 1978. Fundi wa kijijini aliweza kuifungua na kuifunga, na Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha miaka mingi baada ya Ufaransa kuiacha. Mimi, kama ningeulizwa, ningechagua gari ambalo fundi wa Arua anaweza kulielewa. Na ile Subaru ya sajini, kwa kazi aliyoifanya, imeanza kuwa gari la namna hiyo.

Basi Jumamosi moja nilikuwa na shughuli Koboko, naye akajitolea kunipeleka. “Afande, funga mkanda,” ndilo neno pekee alilosema. Barabara ile, tangu iwekwe lami katika miaka ya 2010, imekuwa kishawishi kikubwa. Wale waliozoea vumbi na mashimo wanajua ilikuwa safari ya saa ngapi kwa kilomita zipatazo 55. Sasa gari lenye nguvu linaweza kuikimbia kama mshale, ilhali watoto wa shule, baiskeli, ng'ombe na bodaboda ni walewale.

Tulikuwa tumekwisha pita vilima kadhaa, akipunguza kwa nguvu na kuongeza kwa nguvu. Mbele yetu lori lililobeba shehena ya kwenda Sudan Kusini likapunguza mwendo. Sajini akakanyaga breki, na pedali ikashuka hadi sakafuni kana kwamba anakanyaga mto wa pamba. Akateremsha gia, akavuta breki ya mkono, akatoka nje ya lami. Bodaboda iliyobeba mama na mtoto mchanga mgongoni ilipita ubavuni mwetu, nami ningaliweza kuugusa ule mkono wa mtoto. Tukasimama majanini. Hakuna aliyeumia. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Jioni ile alipofungua kichupa cha mafuta ya breki, tuliona mafuta meusi kama chai iliyolala. Hayo ndiyo maelezo yote ya ajali iliyotukosa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanywa maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 155. Breki zikipata moto, maji hugeuka mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hubinyika. Mguu wako unabinya mvuke, si chuma. Tena kuna hesabu ambayo kila dereva angepaswa kuihifadhi: gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa halina nguvu ya mwendo mara mbili ya lile linalokwenda 60, bali mara nne. Sajini alikuwa ameongeza pumzi ya injini kwa kikoki cha shaba, lakini nguvu yote ile ilikuwa ikisimamishwa na vifaa vilivyochakaa na mafuta ambayo pengine hayakubadilishwa tangu gari litoke Japani.

La pili ni petroli. Injini za aina hii zilizouzwa Japani zilipangwa kwa petroli bora ya huko, yenye okteni ipatayo 100. Ya kwetu ya kawaida haifiki hapo. Na Arua, mji uliowahi kuwa mashuhuri kwa vijana walioitwa OPEC Boys, waliouza mafuta ya magendo katika madumu kando ya njia, unajua vema kwamba si kila dumu lina kile ambacho muuzaji anakitaja. Petroli dhaifu, au iliyochanganywa na mafuta ya taa, hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Ukiongeza msukumo wa tabo juu ya petroli hiyo, utasikia kama kokoto zinagongagonga chini ya boneti, na haitapita siku nyingi kabla ya pistoni kupasuka. Kikoki kile, kwa maoni yangu, kilistahili kurudishwa nyuma siku hiyohiyo. Kilirudishwa.

Wapo maofisa wenzangu wanaosema dawa ni kupiga marufuku: askari asionekane na gari lililobadilishwa. Naelewa hofu yao, lakini sikubaliani nao. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, magari haya ya kale hayaletwi tena. Yaliyopo ndiyo yaliyobaki, na yatabaki kwa ufundi wa watu kama sajini huyu. Ukikataza hadharani, kazi itafanyika gizani, na gizani hakuna mkubwa atakayeuliza habari za mafuta ya breki. Isitoshe, jeshi lina haja ya watu wanaoweza kuifufua injini porini kwa spana tatu na waya.

Walakini uhuru huo una mipaka, na mipaka yenyewe ni dhahiri. Injini ikibadilishwa, namba yake iandikishwe upya, ilingane na kitabu cha gari. Koboko ni mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Polisi akikuta namba ya injini isiyolingana ana haki ya kudhani gari ni la wizi, na mwenye gari asimlaumu. Naye polisi wa barabarani, akisimamisha gari linalonguruma, asiishie kwenye eksozi na stika. Aikanyage pedali ya breki kwa mguu wake mwenyewe, aishike tairi kwa mkono. Tena, nasema hili bila kuficha: pedi, boliti na oili za gari la serikali si ghala la gari lako. Kazi nzuri iliyofanywa kwa spea ya wizi imeharibika tangu mwanzo, hata ikikimbia vizuri.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba bunduki haifunguliwi bila kujulikana nani aliifungua na lini ilijaribiwa. Sioni kwa nini gari linalobeba watu lisipate heshima hiyo. Ningependekeza kwamba mara moja kwa mwezi uwanja wa kambi ufunguliwe, fundi wa karakana ya jeshi na mkaguzi wa magari wa polisi wakae pamoja, na kila mwenye gari la namna hii alilete likaguliwe breki, usukani na springi, pasipo faini siku hiyo. Gharama yake ni kivuli na meza moja.

Sajini ameanza bila kungoja. Amepata kalipa za breki zenye pistoni nne kutoka katika Impreza ya toleo la baadaye, na daftari la shule ambamo anaandika tarehe, kilomita na kilichofanywa. Mara ya mwisho nilipopita kwake alikuwa amelala chini ya gurudumu la nyuma, akitoa hewa katika mabomba ya breki. Binti yake wa miaka kama kumi alikuwa kwenye kiti cha dereva, miguu yake ikiifikia pedali kwa shida. “Kanyaga,” sajini akisema kutoka chini. “Shikilia. Achia.” Na yule mtoto, akiwa makini kuliko mlinzi wa lindo, alikanyaga, akashikilia, akaachia.