Udhuru wa Nafasi

Yako malalamiko yasikikayo kila mahali palipo na watu wazima wapendao michezo ya hadithi ya mezani: kwamba nafasi haipatikani. Nataka kuyapinga, si kwa kuwa wayasemao ni waongo, bali kwa kuwa wameutaja ugonjwa wao kwa jina lisilo lake.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao huwa msimulizi, naye hueleza mahali na hatari zake. Kila mmoja wa waliosalia huvaa nafsi ya mtu wa hadithi, husema atakalotenda, na dadu hutupwa ili kuamua kama amefaulu. Hapana mshindi, na hadithi moja yaweza kuendelea miezi, hata miaka. Mchezo wa kwanza wa namna hii kupigwa chapa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Gygax hakuwa mtoto; alikuwa na umri wa miaka 35, ana watoto wa kulisha, amekwisha poteza kazi yake ya bima na akawa akitengeneza viatu nyumbani ili apate riziki. Basi wale wasemao kwamba mchezo huu ni wa vijana wasio na kazi, na kwamba mtu mzima akiuacha amekua tu, wasema wasilolijua.

Kwa nini, basi, watu wazima hawakutani? Waulize mmoja mmoja, utaona kwamba wengi wana jioni mbili tatu za faragha katika juma. Wakati wanao. Wasichokuwa nacho ni jioni ile ile. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya ndiko kosa lote.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ulitoka Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1929 serikali ilileta juma la siku tano ili viwanda visisimame hata siku moja. Wafanya kazi waligawanywa mafungu matano, kila fungu na rangi yake na siku yake ya kupumzika. Kwa hesabu, mtu alipata mapumziko mengi kuliko zamani, kwani siku moja katika tano ni zaidi ya moja katika saba. Lakini mume aliweza kupumzika siku ya manjano na mke siku ya nyekundu, na rafiki asimwone rafiki. Watu walinung'unika, na mwaka 1931 ikarudishwa siku moja ya mapumziko kwa wote. Walipewa wakati wakanyang'anywa wenzao.

Leo jambo hilo latendeka pasipo rangi. Mwenye duka au hoteli hupanga zamu kila juma upya, na mfanya kazi hajui Jumatatu kama Alhamisi yake ni yake. Mji wa Seattle uliona dhara hii, na tangu 2017 sheria yake yawataka waajiri wakubwa wa maduka na mikahawa watangaze zamu siku 14 mbele. Jimbo la Oregon likatunga sheria ya namna hiyo mwaka huo huo. Hizo ni sheria njema, nazo ni haki ya mtu kuzidai. Walakini mtu hawezi kungoja sheria ndipo acheze.

Hapa ndipo nigombanapo na wachezaji wenyewe. Desturi yao ni kuulizana: "Siku gani sote tuna nafasi?" Na wasipokuwapo wote, mchezo huahirishwa. Tufanye hesabu. Ikiwa wachezaji ni watano, na kila mmoja hupata nafasi jioni moja katika kila mbili, bila ya zamu zao kufungamana, basi wote watano watakutana jioni moja katika 32. Mkiweka jioni moja kwa juma, mtacheza mara moja, labda mbili, kwa mwaka mzima! Lakini mkikata shauri kwamba watatu watosha, mtacheza nusu ya majuma yote. Zamu ni zile zile, mabwana ni wale wale. Kilichobadilika ni kanuni.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa haya. Hapana aliyepata kuwapelekea barua wazee kuwauliza ni siku gani wana nafasi ya baraza. Baada ya sala ya alasiri baraza lipo; ajaye huja, na asiyekuja huulizwa hali yake. (Sitaficha kwamba lilikuwa aghalabu baraza la wanaume, na jioni zao zililipwa na wanawake jikoni. Mchezaji amwachiaye mwenziwe watoto kila Alhamisi ana deni la jioni nyingine.)

Najua nitakalojibiwa: hadithi huharibika mhusika mmoja akikosa. Ni kweli kwa hadithi iliyofungwa yote shingoni mwa mtu mmoja. Na hadithi ya namna hiyo haiwafai watu wa zamu, waiache. Kanuni za 1974 zenyewe ziliruhusu wachezaji kuanzia wanne hata 50 katika mfululizo mmoja wa michezo, na haielekei kwamba watu 50 walitazamiwa kuketi meza moja usiku mmoja. Kuhudhuria kwa zamu hakukuzuliwa na wavivu wa leo. Kulikuwamo tangu asili.

Basi itajwe jioni, itajwe saa, na aliye msimulizi aje na hadithi iwezayo kufikia kituo usiku ule ule. Watatu wakifika, dadu zitupwe. Muuguzi aliyeitwa kazini ghafula, mtu wake wa hadithi ameugua homa, amelala katika nyumba ya wageni kandokando ya njia. Juma lijalo atawakuta wenziwe mbele.