Maji ya Motokaa Yaenda Wapi?

Mwalimu mmoja wa upande wa Makete ametuandikia habari ya motokaa ya usharika wao, ile ichukuayo wagonjwa usiku kwenda hospitali. Asema kila asubuhi dereva hutia lita moja ya maji katika rejeta, na kesho yake yamepungua tena. Tena tangu baridi ya Juni kuingia, hita haitoi joto, yapuliza upepo wa baridi tu. Wazee wataka kumwachisha dereva kazi, wakimdhania kuwa mzembe. Mwalimu auliza kama ni haki.

Kabla ya kumhukumu mtu, na tuichunguze motokaa. Mambo hayo mawili mara nyingi ni jambo moja. Hita haina moto wake yenyewe. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, nayo hupata joto kwa maji yale yale yaizungukayo injini. Katika magari mengi imewekwa juu, basi maji yakipungua hewa hukusanyika mle. Kwa hiyo hita ikipuliza baridi hali injini imekwisha kupata moto, dereva asimame atazame maji, wala asiutumaini mshale wa joto peke yake. Kipimo cha mshale hupima maji. Kikibaki katika hewa, mshale waweza kukaa chini huku injini yaungua.

Huko milimani kuna neno jingine. Pwani maji matupu huchemka kwa digrii 100, lakini penye kimo cha mita 2,000 huchemka kwa digrii 93 hivi, na thamostati za magari mengi hufunguka kati ya 82 na 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Kinachosaidia ni mfuniko wa rejeta: hubana mvuke, hata maji yaweze kupita digrii 110 pasipo kuchemka. Mpira wa mfuniko ukilegea, maji hutoka njiani kama mvuke, wala hamwoni tone chini ya gari. Ni kitu cha bei ndogo, anzeni nacho. Lakini msiufungue kamwe injini ikiwa na moto, maana maji hugeuka mvuke mara moja na kumrukia mtu usoni. Ngojeni hata rejeta ishikike kwa mkono.

Kisha tazameni mipira na viungo vyake, kama pana ukoko mweupe au wa kijani. Chini ya pampu ya maji mna tundu dogo. Likitoa maji, pampu imechoka. Zulia la mbele likilowa, na kioo kikipata ukungu wenye harufu tamu, hita yenyewe imetoboka.

Injini ikipata moto, guseni kwa uangalifu mipira miwili iendayo kwenye hita. Yote ikiwa ya moto, maji yafika, na kosa ni la feni au mlango wa hewa. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, hita imeziba, labda kwa kutu, au kwa ule unga wa kuziba nyufa uuzwao madukani, ambao mimi siupendi. Yote ikiwa baridi, maji ni haba au hewa imenaswa. Pengine pampu haisukumi.

Msipoona mahali pa kuvuja, shukuni gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, mapovu katika rejeta, au oili iliyogeuka kama maziwa. Mafundi wanayo dawa ya buluu igeukayo manjano ikikutana na moshi wa injini ndani ya rejeta. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Kuendesha hivyo hivyo hupinda hedi, na gharama yake ni kubwa.

Kwa kuwa kwenu huanguka sakitu, tieni kulanti nusu na maji safi nusu. Huzuia kuganda na kutu pia. Akina mama wasikilize hapa: kulanti nyingi zina sumu, nazo ni tamu. Mtoto au mbwa akiilamba yaweza kumwua. Isiwekwe katika chupa ya soda, wala isimwagwe uani; na aliyeinywa apelekwe hospitali papo hapo, hata akionekana mzima.

Kuhusu dereva: mtu atazamaye maji kila asubuhi na kusema wazi kwamba yamepungua si mzembe. Bila yeye injini ingalikwisha kufa. Kosa lililopo ni kutia maji siku zote bila kutafuta yaendako, na hilo ni la wote waliopewa habari. Asubuhi, injini ikiwa baridi, wazee waende naye wakaufungue mfuniko pamoja. Na hata fundi atakapoipima, mgonjwa asipakiwe usiku katika gari hiyo.