Sanduku la pili si dawa ya shofere mwenye haraka

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi wamama wa kambi,

Vijana wetu wenye pikapu za 4x4 wanazungumza neno moja siku hizi: kutia buate ya transferi ya pili. Mimi si mekanisie, ni msaidizi wa munganga. Lakini mifupa iliyovunjika barabarani inaletwa kwangu, na kwa hiyo nina neno la kusema.

Buate hiyo inakaa nyuma ya buate ya vitesi na kugawa nguvu ya motere kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ina vitesi mbili: H ya njia nzuri, na L ya polepole. Katika pikapu nyingi za zamani za Toyota, L inapunguza mwendo mara 2,28. Ukifunga ya pili kama hiyo, unapata 2,28 mara 2,28, yaani karibu 5,2. Wengine wanatia meno ya 4,70 katika ya pili. Pamoja zinafanya karibu 10,7. Hapo motokari inatambaa kama kinyonga, na kwenye mteremko motere yenyewe inaishikilia.

Mtu anayepanda na kushuka mawe kila juma, nitamwambia achague 2,28 na 2,28. Inatosha, na haivunji vyuma upesi kama 10,7. Maana motere haiongezi nguvu bure: mzigo wote unaangukia kadani na ekseli. Tena kadani ya mbele lazima irefushwe, ya nyuma ifupishwe, na chuma kinachobeba buate kiimarishwe. Hiyo si kazi ya kufanya chini ya mwembe.

Lakini wengi wetu tunapita wapi? Wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, adui yetu ni matope. Gurudumu linalozunguka polepole mno halitupi matope nje ya mpira, na motokari inakwama. Hapo mipira mizuri, koleo na kamba vinasaidia kuliko buate ya pili.

Mwaka mmoja waliniletea baba mmoja, paja limevunjika. Alikuwa ameshuka mlima mrefu na mzigo wa makaa, watu wawili juu yake. Freni zilipata moto mpaka pedali ikazama. Nikamwuliza: «Baba, hukutia L?» Akanijibu: «Munganga, ule mkono umekwama kwa kutu. Sijaugusa miaka miwili.» Watoto wake sita walikaa na mama yao mlangoni mwa dispanseri, wakingoja kusikia kama baba atarudi kazini.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kununua ya pili, tumia ya kwanza. Kila mwezi peleka mkono kwenye L, utembee kidogo kwenye udongo, si kwenye lami. Angalia mafuta ya buate. Kabla ya mteremko simama kabisa, funga magurudumu ya mbele ikiwa yana kifungo, tia L, kisha shuka kwa vitesi ya kwanza au ya pili. Usibadilishe katikati ya mteremko. Na usishuke kamwe vitesi ikiwa huru ili kuokoa mafuta: lita moja ya esansi haina bei ya mguu wa mtu.

Pesa zikibaki, tengeneza freni, nunua mipira, tia mikanda. Na watu wasikae juu ya mzigo, hata kama safari ni fupi.

Wamama, ninyi pia mna sauti. Bwana akitaka kumaliza akiba ya nyumba kwa buate ya pili, mwulizeni kwanza: «Ya kwanza inafanya kazi?» Akinyamaza, jibu mmelipata.