Giza la Handaki na Mtihani wa Amana

Katika nyumba zetu nyingi, baada ya swala ya Isha na chakula cha usiku, watoto huomba ruhusa ya kutazama filamu. Zinazowavutia sana siku hizi ni zile za hatari chini ya ardhi: treni iliyotekwa njiani, moto katika handaki lililopita chini ya mto, mlima unaomwangukia msafiri. Sisi wazazi hutazama kidogo, tukiridhika kwamba hamna uchi wala matusi, huenda zetu kulala. Safu hii leo inawaomba wazazi wabaki.

Tuchukue mfano wa filamu ya Korea Kusini iitwayo Tunnel, iliyotoka mwaka 2016 na kuongozwa na Kim Seong-hun. Baba mmoja, muuza magari, anarejea nyumbani na keki ya siku ya kuzaliwa ya bintiye. Suala la keki tuliweke kando. Handaki ambalo bado ni jipya linaporomoka na kumfunika ndani ya gari lake. Hana kitu ila keki hiyo, simu ambayo chaji yake inahesabika, na chupa mbili za maji alizopewa na mzee wa kituo cha mafuta.

Kumbe katika kifusi hicho hicho yumo msichana aliyebanwa na mawe, naye anaomba maji. Baba yule anajua kwamba kila funda analolitoa linapunguza siku zake mwenyewe za kuishi. Anasita, kisha anampa. Watoto wetu tunawafundisha habari za Answari waliowapendelea wenzao hali wao wenyewe wana dhiki. Hapa mzazi anao mlango wa kumwuliza mwanawe: ungekuwa wewe, ungetoa?

Nje ya handaki, waokoaji wanatoboa mlima kutoka juu kwa siku nyingi, kisha wanagundua kuwa wametoboa mahali pasipo. Ramani waliyopewa hailingani na kilichojengwa. Siku zinapita, watu wanachoka kusubiri, na wenye mradi wa handaki jingine la jirani wanataka waendelee kupasua miamba kwa baruti. Mke wa aliyenaswa analetewa karatasi atie saini ya kuridhia. Mwisho wake tunamwachia mtazamaji. Lililo muhimu kwetu ni swali moja: ni nani aliyemfukia mtu huyu? Mlima hauna kosa. Alianza kufukiwa siku ile fundi alipopunja kazi na msimamizi akaandika kwamba imekamilika.

Asiseme mtu kwamba hayo ni maigizo tu. Katika nchi hiyo hiyo, mjini Daegu, tarehe 18 Februari 2003, mtu mmoja aliwasha moto ndani ya treni iliyokuwa kituoni chini ya ardhi. Treni ya pili ikaingia kituo hicho, nayo ikashika moto. Dereva wake alikimbia na ufunguo mkuu, milango ikabaki imefungwa, na abiria wengi wakanaswa ndani. Watu 192 walipoteza maisha. Ufunguo ni kitu kidogo mkononi, lakini siku ile ulikuwa amana ya roho za watu.

Nasi Waislamu tunalo handaki letu la huzuni. Tarehe 2 Julai 1990, katika Hija ya mwaka 1410 Hijria, mahujaji 1,426 walifariki kwa msongamano katika handaki la waendao kwa miguu la al-Ma'aisim, huko Mina. Tunamwomba Allah awarehemu. Msiba ule unatukumbusha kwamba katika umati kila mtu ana amana juu ya mwenzake. Anayesukuma nyuma hamwoni anayeanguka mbele. Mtoto afundishwe hilo tangu mlangoni mwa msikiti siku ya Idi, kabla hajafika popote.

Mtume wetu (s.a.w.) alitusimulia habari za watu watatu walioingia pangoni, jabali likaporomoka na kuziba mlango. Hawakuwa na sururu wala simu. Kila mmoja alimwomba Allah kwa amali njema aliyoitenda kwa ikhlasi. Mmoja alisimama usiku kucha na maziwa mkononi akiwangoja wazazi wake waamke. Mwingine aliacha zinaa kwa kumwogopa Allah. Mwingine alitunza ujira wa kibarua aliyeondoka bila kuuchukua, akauzalisha hadi ukawa mifugo mingi, na aliporudi akampa wote. Jabali likasogea, wakatoka wakitembea.

Tuzingatie kwamba amali hizo hazikutendwa pangoni. Zilitendwa nyumbani, sirini na kazini, siku ambazo hapakuwa na jabali lolote. Kijana anayetazama filamu hudhani kwamba ushujaa huzaliwa hatari inapoingia. Tumweleze kwamba hatari hudhihirisha tu kile ambacho mtu alikwisha kujiwekea.

Leo treni zetu za reli ya kisasa zinapita katika mahandaki ya milima ya Kilosa, na ndani yake wamo wake zetu, wazee wetu na watoto wetu. Usalama wao umo mikononi mwa watu waliochanganya zege, waliokagua na wanaoendesha. Kesho watu hao watakuwa hawa wanaoketi sebuleni mwetu usiku huu. Basi tuketi nao. Filamu ikiisha, tusiwaulize kama imewafurahisha tu. Tuwaulize ni nani aliyetunza amana na ni nani aliyeikhini, kisha tuwaangalie wao wenyewe katika chenji wanayorudisha kutoka dukani.

Allah atujaalie sisi na vizazi vyetu kuwa miongoni mwa wanaochunga amana zao. Amin.